Mnapimaje nafasi ya mshindani kabla mbio za baiskeli za wiki 3 hazijaanza?

Mkazi wa Kabale
Ndugu zangu, hamjambo. Hapa kwetu tupo wachache tunaofuatilia Tour de France kila Julai. Mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua 3 na kuondoka na jezi ya kijani, ile ya aliyekusanya pointi nyingi zaidi, mwenzetu mmoja alishikilia kwamba kilichobaki kwake ni jezi ya njano tu. Nilimpinga, lakini sikuweza kumweleza sababu akaridhika. Je, mnaanza kwa kutazama nini?

Mwalimu Mstaafu, Mbarara
Ndugu Mkazi, ulikuwa sahihi. Jezi ya njano huvaliwa na aliyetumia muda mfupi zaidi katika hatua zote 21 zikijumlishwa, na mshindi wa hatua hupunguziwa sekunde 10 tu, ilhali mlima mmoja mrefu unaweza kumgharimu mtu mwenye mwili wa mbio za tambarare nusu saa nzima. Wewe unayeishi Kabale umewaona vijana wanaosafirisha matoke kwa baiskeli: yule anayewapita wenzake bondeni ndiye huyo huyo anayeshuka na kusukuma kilima kinapoanza.

Kwa hiyo mimi huanza na ramani, kisha ndipo nisome majina. Nahesabu hatua zinazomalizikia kileleni, halafu natafuta kilomita ambazo kila mtu hupambana na saa akiwa peke yake, na mahali zilipopangwa. Mwaka 1989 Laurent Fignon aliianza siku ya mwisho akitangulia kwa sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5 tu za kupambana na saa, kutoka Versailles hadi Paris, na Greg LeMond akamshinda kwa jumla ya sekunde 8. Mwaka 2020 Primož Roglič naye alikuwa mbele kwa sekunde 57 zikiwa zimebaki siku 2, lakini Tadej Pogačar akamvua jezi katika hatua ya kupambana na saa iliyomalizikia kwenye mlima wa La Planche des Belles Filles.

Fundi Baiskeli, Jinja
Shikamoo Mwalimu. Ramani naikubali, ila haisemi mtu anafika mwanzoni akiwa katika hali gani. Pogačar alivunjika kifundo cha mkono mwezi Aprili 2023. Mwezi Julai alikwenda sawa na Jonas Vingegaard hadi wiki ya tatu, wakitofautiana kwa sekunde 10 tu. Kisha akapoteza dakika 1 na sekunde 38 katika kilomita 22.4 za kushindana na saa, na kesho yake, kwenye Col de la Loze, nguvu zikamwishia kabisa. Mimi humwuliza mtu alifanya mazoezi wiki ngapi bila kukatizwa, kabla sijauliza alishinda nini mwaka jana.

Tena kuna timu. Katika Vuelta, mbio za wiki 3 za Hispania, ya mwaka huo huo, Sepp Kuss, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasaidia Vingegaard na Roglič, aliachwa achomoke mapema, na muda alioupata siku ile wenzake hawakuweza kuufuta wote. Alishinda yeye, wakubwa wake wakawa wa pili na wa tatu. Sijui ni ramani gani ingekuonyesha hilo, Mwalimu!

Mkazi wa Kabale
Nawashukuru. Na Kigali je? Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia, Remco Evenepoel alimkuta Pogačar barabarani na kumpita katika mbio za kushindana na saa. Si dalili kwamba sasa amemzidi?

Mwalimu Mstaafu, Mbarara
Marahaba, Fundi, la Kuss nimelipokea, nami siku ile nilishangaa kama wengine. Ama Kigali, ile ilikuwa siku moja, na wiki hiyo hiyo Pogačar alishinda mbio za barabarani. Evenepoel huyo huyo alikuwa amejitoa Tour ya Julai akiwa kwenye mlima wa Tourmalet. Akiendelea hivyo, mimi nitampa nafasi ya kushinda hatua ya kushindana na saa, na jezi ya njano nitasubiri kwanza nione milima iliyopangwa wiki ya tatu.