Vyuma au kukimbia: kipi kinatuliza njaa kwa mwanaume mwenye kitambi?

Mzee_wa_Njiro:
Wakuu, nina kilo 104 na daktari ameniambia nipunguze. Nachagua kati ya kupiga vyuma jimu hapa Njiro na kukimbia alfajiri. Ninachoogopa ni njaa. Nikianza tizi, jioni nakula ugali kama nimetoka kulima. Kipi kina nafuu?

Mangi_Kibosho:
Piga vyuma, mkuu. Kwa kilo hizo, kukimbia kwenye miteremko kama ya huku kwetu ni kuyaonea magoti. Halafu anayepungua kwa kujinyima chakula tu hupoteza na misuli. Vyuma vinailinda.

Fizio_Moshi:
Mangi, hapo kwenye misuli uko sahihi, ila kaka ameuliza njaa. Tumbo tupu hutoa homoni ya njaa, ghrelini. Baada ya mazoezi makali, yawe vyuma au mbio, inashuka kwa muda, ndiyo maana ukimaliza tu huna hamu ya sahani. Tofauti inaonekana kwenye PYY, homoni ya shibe inayotoka kwenye utumbo: mbio huipandisha, vyuma haviigusi sana. Vipimo vingi vya namna hiyo vimefanywa kwa vijana wenye afya, wasio na uzito mkubwa. Kwa wanaume wanene waliokuwa hawafanyi mazoezi, upo utafiti wa Australia wa 2013 uliochukua wiki 12. Waliofanya mazoezi ya pumzi, yaani ya kukaza pumzi na moyo kama mbio, walianza kujisikia wameshiba zaidi. Wa vyuma hawakupata badiliko hilo.

Mzee_wa_Njiro:
Kwa hiyo vyuma vinaongeza njaa?

Fizio_Moshi:
Hapana, kaka. Kutoongeza shibe si sawa na kuleta njaa. Ila misuli nayo inadai chakula, kwa hiyo ikikua, mwili utadai zaidi kidogo.

Dada_wa_Majengo:
Shikamoo Mzee. Mimi naitazama hiyo sahani ya jioni. Wanaume wengi wakitoka jimu wanajipongeza kwa chipsi mayai na soda, na hapo wamerudisha nguvu yote waliyotumia, pengine na ziada. Kula protini mapema: mayai ya kuchemsha, dagaa, au kiburu chenye maharage mengi kuliko ndizi. Protini inashibisha kuliko wanga.

Mzee_wa_Njiro:
Marahaba, dada. Basi nichanganye?

Fizio_Moshi:
Changanya. Vyuma siku mbili tatu kwa wiki, siku nyingine tembea haraka mpaka pumzi ikaze. Mbio zitasubiri uzito upungue. Na kama daktari amekupa insulini au vidonge vya kushusha sukari, ukitetemeka, ukatoka jasho na kuona njaa kali baada ya vyuma, sukari huenda imeshuka mno. Pima hapo hapo. Ikiwa chini, au kama huna kipimo, kunywa kitu cha sukari mara moja, kisha mrudie daktari akurekebishie dozi.