Kliniki zinatoza upasuaji wa gego la mwisho, kisha mgonjwa anaachwa augue kwa kubahatisha

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu.

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mdogo wangu wa kike alifanyiwa upasuaji wa kutoa gego la mwisho la chini katika kliniki moja binafsi hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja kwa jina kwa kuwa malalamiko yetu tunayapeleka kunakohusika. Kuhusu upasuaji wenyewe sina neno: jino lilikuwa limelala ndani ya taya likisukuma la jirani yake, picha ya eksirei ilionyesha hivyo, na daktari alilitoa vizuri. Ninacholalamikia ni kilichofuata baada ya risiti kukatwa, yaani matunzo ya jeraha, ambayo kliniki hiyo haiyahesabu kabisa kuwa sehemu ya kazi yake. Ni kama fundi anayeezua paa lako, akapokea ujira na kuondoka huku wingu la mvua limetanda.

Maelekezo yote alipewa akiwa bado kwenye kiti, mdomo umekufa ganzi, amebana pamba kwa meno na hawezi kuuliza swali hata moja. Aliambiwa harakaharaka kwamba asile vitu vya moto na ameze dawa kwa wakati, basi. Kisha akakabidhiwa karatasi ya Kiingereza iliyotolewa kopi mpaka maandishi yamefifia, ambayo sehemu yake kubwa ilihusu masharti ya malipo. Mama yetu, ambaye ndiye angemuuguza, alikuwa amekaa mapokezi muda wote huo, wala hakuna aliyemwita kumweleza lolote.

Usiku ule mate yalikuwa bado mekundu, jambo ambalo ni la kawaida kwa siku ya kwanza. Lakini kwa kuwa hakuambiwa, akawa anasukutua na kutema kila mara ili kinywa kiwe safi. Wenye kujua watashtuka. Damu inayoganda ndani ya tundu la jino ndiyo inayofunika mfupa na mishipa ya fahamu, na ndiyo inayoandaa mahali pa nyama mpya kuota. Ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kung'ata pamba kwa nusu saa hadi saa moja, asisukutue kwa saa 24 za mwanzo, asinywe kwa mrija wala kuvuta sigara, na kuanzia siku ya pili ndipo aanze kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Damu hiyo iliyoganda ikitoka mapema, mfupa hubaki wazi, na hali hiyo, ambayo madaktari wa meno huiita tundu kavu, kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya pili na ya tano, wakati ambapo mgonjwa alitarajia kupata nafuu. Magego ya mwisho ya chini ndiyo yanayoongoza kwa tatizo hili, na hatari huongezeka kwa wavutaji wa sigara na kwa wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Mdogo wangu hakuulizwa habari ya sigara wala ya vidonge.

Maumivu yalipoanza yalitoka tayani yakapanda hadi sikioni na kwenye panja, kinywa kikawa na harufu mbaya, na parasetamoli haikufua dafu. Simu ya kliniki usiku haikupokelewa. Asubuhi mhudumu wa mapokezi alijibu kwamba jino si limeshatoka, maumivu ni ya kawaida, avumilie. Tulipokwenda wenyewe tuliambiwa tufungue faili upya na kulipia tena kumwona daktari, na hapo ndipo hasira yangu ilipovuka mpaka, kwa sababu tiba yenyewe ilikuwa kazi ya dakika chache: tundu lilisafishwa na kujazwa dawa yenye mafuta ya karafuu. Karafuu, jamani, ileile ya Pemba! Saa chache baadaye alikuwa anakunywa uji.

Sisemi kwamba kila tundu kavu ni uzembe wa daktari, maana humpata hata mtu aliyefuata masharti yote. Ninachosema ni kwamba mtu asiyepewa maelekezo huyatafuta kwa jirani. Jirani yetu, kwa nia njema kabisa, alileta aspirini akashauri isagwe na kuwekwa juu ya kidonda, jambo ambalo huunguza fizi. Mwingine akapendekeza pombe kali, wakati mgonjwa yuko kwenye metronidazo, dawa ambayo wagonjwa huonywa wasiichanganye na pombe.

Kuna jambo zito zaidi ya maumivu. Uvimbe wa shavu huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu kisha hupungua, na huo usimtishe mtu. Lakini uvimbe unaoshuka chini ya kidevu na shingoni, ukiambatana na homa na shida ya kumeza au kupumua, ni dharura ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu unaweza kuziba njia ya hewa. Mama alilijua hilo kutoka kwa binamu yetu ambaye ni muuguzi mkoani, si kutoka kwa waliopokea fedha zetu.

Tunachodai si anasa. Maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili na yasomwe mbele ya mgonjwa na anayemuuguza kabla ya sindano ya ganzi. Iwepo namba inayopokelewa usiku. Na anayerudi na tatizo la jeraha hilohilo asitozwe upya. Nimeshasikia utetezi kwamba wagonjwa ni wengi, lakini wingi huo hauzuii dirisha la malipo kufanya kazi kwa ufanisi.

Barua yetu kwa Baraza la Madaktari Tanganyika inaandaliwa. Aliyewahi kupeleka huko malalamiko ya matibabu ya meno naomba aeleze hapa ni vielelezo gani alitakiwa kuambatanisha, na kama kliniki ilikubali kumpa nakala ya faili lake, kwa sababu sisi mpaka sasa tunazungushwa.