Wenye baa na migahawa, hiyo "nje" yenu ni nje gani? Moshi tunakula sisi wahudumu

Wadau nimetoka shifti sasa hivi, nywele zinanuka fegi utadhani nimemaliza pakiti nzima na sijawahi kuvuta hata moja tangu nizaliwe. Nina hasira, mnivumilie.

Kumezuka maneno ya kupiga marufuku sigara mpaka meza za nje, basi bosi kaitisha kikao chapchap anafoka, eti biashara itakufa, wateja watahama, na "mtakaoumia ni nyie". Yaani leo ndo katukumbuka! Mwezi uliopita nilimwomba anihamishie meza za ndani sababu ya kifua, akanijibu kazi ikinishinda kuna foleni ya wanaoitaka. Na yeye mwenyewe havuti, anakaa ofisini kwenye kiyoyozi, thubutu kuwasha sigara kwenye gari lake uone kama hajakushusha.

Halafu nje yenyewe sasa! Turubai juu, nailoni pande tatu ili upepo usisumbue wateja, meza zimebanana, huo moshi utokee wapi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima hii kitu 2007, wakakuta ukiwa kama nusu mita kutoka kwa mvutaji, hata sehemu ya wazi, unaweza kuvuta moshi unaokaribia ule wa ndani, ila ukisogea mita mbili unapungua sana. Haya mimi na trei mkononi nasogea mita mbili naendaje, nirushe vinywaji? Mteja anakaa lisaa limoja anaondoka zake, mimi nipo hapo hapo masaa tisa.

Na huu wimbo wa wateja watakimbia ni wa zamani. Ireland walivyokataza sigara ndani ya baa 2004 uliimbwa huu huu, New York 2003 vile vile, na baa bado zipo watu wanakunywa. Sweden tangu Julai 2019 hata meza za nje za migahawa hairuhusiwi. Sisemi hakuna aliyepata hasara, ila msituambie ni kifo.

Kinachoniuma ni jinsi wanavyosikilizwa. Uingereza 2024 serikali ilitaka kugusa bustani za baa, wenye baa wakapiga kelele, mwaka haujaisha ikarudi nyuma. Ufaransa mwishoni mwa Juni 2025 wakakataza ufukweni, kwenye bustani za umma, vituo vya basi, karibu na shule, wakifika kwenye meza za nje za mikahawa wakaruka! Anayesubiri basi dakika kumi kalindwa, sawa kabisa, anayezunguka kwenye moshi usiku kucha hawakumwona.

Wavutaji sina ugomvi nao, wengine wastaarabu kuliko bosi, wakiniona nakuja wanageuza mkono pembeni. Hoja moja tu ya wenye biashara naielewa, ile ya "sisi sio polisi", nani atamwambia mteja kalewa azime? Ila tusidanganyane, hatakwenda bosi, nitatumwa mimi, na matusi nitakula mimi. Bora nitukanwe nikiwa na sheria nyuma yangu kuliko sasa hivi nakohoa huku nacheka na mteja.

Kesho anapitisha karatasi ya kupinga tusaini wote. Kuna mtu humu alishawahi kugoma kusaini kitu kama hiki na akabaki kazini? Aniambie alifanyaje.