Mrejesho: pickup ya dizeli ya kuvuta tela

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nichukue Toyota Hilux yenye injini ya 1KD au Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, kazi ni kuvuta tela la ng'ombe toka Iringa hadi mnada wa Pugu.

Hilux niliyoipenda ilikuwa inang'aa balaa. Fundi akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma: moshi puf, puf, kama sufuria ya makande. Ndani injini imechoka, tukaaga.

Nimechukua Land Cruiser ya 1HZ, injini ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Mlimani inajikongoja na dizeli inakunywa kwelikweli. Ila mlima Kitonga nimeshuka na ng'ombe wanne gia ya pili, injini ikishikilia mzigo, breki nagusa tu.

Uliyesema nichungulie ndoano ya kuvutia tela, asante! Ilichomelewa kienyeji kwenye bampa. Nimeing'oa, mpya imefungwa kwenye chesisi.