Fundi wa programu ya hoteli kafungulia FullTrust, yaani ruhusa zote, kompyuta zote za mapokezi, na kampuni yasema kazi imekwisha

Jamani, leo nasema. Mimi natunza kompyuta za hoteli moja hapa Malindi, upande wa Casuarina. Tuna programu ya mapokezi na ankara tuliyouziwa na kampuni ambayo sitaitaja. Programu yakaa kwenye seva, na kompyuta za mapokezi zaifungua kupitia mtandao wa ndani. Kufunguka yafunguka vizuri. Ukitoa ripoti ya siku na kutaka kuihifadhi kwenye diski C, yaanguka: SecurityException, yaani kosa la kukosa ruhusa.

Sababu si siri. Programu imejengwa kwa .NET Framework 3.5, mfumo wa Microsoft wa kuendeshea programu. Tangu kifurushi cha maboresho SP1 cha 2008, toleo hilo huiamini kikamilifu programu iliyofunguliwa kutoka seva, pamoja na DLL (faili za msimbo saidizi) zilizo folda moja nayo. Wao DLL ya ripoti wameitia kwenye folda ndogo ya pembeni. Basi .NET yaihesabu kuwa msimbo wa mtandao wa ndani tu, yaipa ruhusa za LocalIntranet, na ruhusa hizo haziruhusu kuandika faili kiholela kwenye diski. Mfumo umefanya kazi yake sawasawa!

Dawa ilikuwa kuihamisha hiyo DLL. Ama, kama hawataki kuigusa programu yao, watumie caspol, chombo cha kubadilishia sera za usalama za .NET, waongeze kundi linaloamini folda ile peke yake:

caspol -m -ag 1.2 -url file://seva/hoteli/* FullTrust

Fundi wao akaja kutoka Mombasa, tukamlipa nauli na ujira, akaandika hivi:

caspol -m -cg 1 FullTrust

Kundi la 1 ni All_Code, mzizi wa makundi yote, ambalo kwa kawaida hupewa Nothing, yaani halina ruhusa yoyote. Ruhusa ya mwisho ni ile inayokubaliwa na ngazi zote za sera. Ngazi za Enterprise na User huja zikiwa wazi, kwa hiyo inayozuia hasa ni Machine (ile -m ya amri), na hiyo ndiyo aliyoifungua. Sasa msimbo wowote unaofuata sera hizo, hata uliotoka intaneti, una uwezo wote. Mgeni mmoja kapoteza ufunguo, wao wameng'oa milango ya vyumba vyote. Na caspol humuuliza mtu kama ana hakika kabla ya kubadilisha! Kisha akawapa wafanyakazi wote wa mapokezi akaunti za Administrator, "wasisumbuke tena".

Nikapiga simu kwao. Jibu: usalama huo ni wa zamani, Microsoft wenyewe wameuacha. Ni kweli, sera hizo ziliachwa kuanzia .NET 4 ya 2010, na Microsoft wasema usizitegemee kukukinga na msimbo usioaminika, tumia akaunti zenye ruhusa ndogo. Sasa nijibuni: mbona programu tunayoilipia ada kila mwaka bado ni ya 3.5? Na kama kinga iliyobaki ni akaunti ya Windows, mbona na hiyo mmeivunja?

Kompyuta hizo hizo ndizo zenye nakala za pasipoti za wageni, na watu wa mapokezi kutwa wafungua viambatisho vya barua pepe. Zikivuja, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hoteli ndiyo yenye saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data. Hao waliotufungulia hatutawaona. Wallahi hii ni dhuluma.

Bosi nimeshamwambia: akaunti za Administrator zaondoka leo, na ada hailipwi mpaka DLL ihamishwe.

Walio na programu kama hii Watamu, Lamu au popote, fungueni caspol -m -lg mtazame kundi la 1. Likisema FullTrust, nanyi mmefanyiwa. Amri ya caspol -m -rs yarudisha sera ya mwanzo, lakini itafuta na makundi mliyoongeza wenyewe, kwa hiyo yaandikeni kwanza. Kwenye Windows ya biti 64 iendesheni mara mbili, folda ya Framework na ya Framework64, maana kila moja ina sera yake. Mlichokiona kiandikeni hapa chini.