Mwenzetu amefariki kwa pikipiki ugenini: je, ninunue yangu au niache?

Msafiri77 anauliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Nina miezi mitano tangu nihamie nchi ya kigeni kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili. Wiki iliyopita tumempoteza mwenzetu wa ofisini, naye mgeni kama mimi, aliyekuwa akienda kazini kila siku kwa pikipiki. Hakuwa mlevi wala mtu wa mbio, na kwao alikuwa ameendesha gari zaidi ya miaka kumi na mitano bila ajali. Gari dogo la mizigo lilikata kona mbele yake kwenye njia panda, akaligonga ubavuni. Mimi ndiye niliyetumwa kuchukua vitu vyake. Kofia yake ngumu ilikuwa na mkwaruzo mmoja tu pembeni, na kamba ya kidevuni ilikuwa bado imekunjwa na kubanwa kwa kile kimpira cheusi, kama ilivyotoka dukani. Hakuwahi kuifunga hata siku moja. Picha hiyo hainitoki.

Nilikuwa nimeshaweka akiba ya kununua pikipiki ya aina hiyohiyo, kwa sababu mabasi hukoma mapema nami hutoka kazini usiku. Sasa mke wangu amenisihi niache kabisa, na baadhi ya wenzangu wanasema ajali haina kinga, siku ikifika imefika. Sipendi kuamua kwa woga, na sipendi kuamua kwa kufuata mkumbo. Je, sisi wageni tunauawa na yaleyale yanayowaua wenyeji, au kuna jambo letu wenyewe? Leseni yangu ya gari inatosha? Na nikifikwa na jambo, mke wangu atabaki na nini mkononi?

Mwalimu wa Magurudumu anajibu:

Pole sana, ndugu yangu, na mwenzenu apumzike kwa amani. Nimefundisha uendeshaji wa pikipiki kwa miaka kumi na minane, kumi kati ya hiyo nikiwa ugenini, kwa hiyo nitajibu swali lako la kwanza; la leseni na bima nawaachia wanaolijua zaidi yangu.

Kwa sehemu kubwa mgeni huuawa na kilekile kinachomuua mwenyeji. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na takriban asilimia 30 yao walikuwa kwenye vyombo vya moto vya magurudumu mawili au matatu. Mwaka 1981 Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa uchunguzi wa kina wa ajali za pikipiki zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles, na ukaonyesha kwamba pale pikipiki ilipogongana na chombo kingine, takriban theluthi mbili ya ajali zilitokana na dereva wa chombo hicho kutompisha mwenye pikipiki aliyekuwa na haki ya kupita. Madereva hao kwa kawaida walieleza kwamba hawakuiona pikipiki, au waliiona wakati maji yameshamwagika. Ndivyo alivyoondoka mwenzenu. Uchunguzi huohuo ulionyesha pia kwamba zaidi ya asilimia 90 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe, au wamefundishwa na ndugu na marafiki, na hapo ndipo ninapowaona wageni wengi ninaokutana nao.

Lakini lipo na jambo letu wenyewe. Mwezi wa kwanza mgeni huogopa, na woga humlinda. Kufikia mwezi wa nne au wa tano, yaani hapo ulipo wewe sasa, ameshawazoea majirani, ameshika lugha kidogo, anajua njia za mkato, naye hudhani kwamba ameizoea na barabara. Hajaizoea. Barabara ina lugha yake ambayo haiandikwi kwenye vibao. Kuna nchi ambako dereva akikuwashia taa anakuambia pita, na kuna nchi ambako taa hizohizo maana yake ni kwamba anapita yeye, kaa pembeni. Mwenyeji hujua bila kufikiri. Mgeni hufikiri kwanza, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kila sekunde ya kufikiri ni mita 14 za barabara kabla hajagusa breki.

Kisha kuna suala la upande. Takriban theluthi moja ya watu duniani wanaishi katika nchi ambako magari hupita kushoto, na waliobaki hupita kulia. Aliyevuka kutoka upande mmoja hadi mwingine hakosei kwenye msongamano, kwa sababu magari yaliyo mbele yake humwongoza. Hukosea alfajiri, barabara ikiwa tupu, anapotoka kituo cha mafuta au anapokata kona kuingia mtaa usio na gari hata moja, kwa kuwa hapo mwili hurudia ulichokizoea miaka ishirini.

Jambo la mwisho ni breki. Dereva wa gari akishtuka hukanyaga kwa mguu kwa nguvu zake zote, na kwenye gari hilo ndilo jambo sahihi. Kwenye pikipiki nyingi za gia, mguu ni breki ya nyuma: tairi la nyuma hujifunga, pikipiki huanza kuteleza kiubavu, na breki ya mbele, ambayo kwenye lami kavu ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, haikuguswa kabisa. Miaka kumi na mitano ya mwenzenu kwenye gari ilimfundisha mengi mema, lakini sidhani kwamba ilimfundisha mkono wake wa kulia kazi hiyo. Uwezo huo hupatikana kwenye uwanja mtupu, kwa kurudia kusimama kutoka kilomita 20, kisha 30, kisha 40 kwa saa, ukibana breki ya mbele polepole kisha kwa nguvu, hadi mkono ufanye wenyewe.

Ukiamua kununua, nunua baada ya mafunzo, na utafute yenye mfumo wa kuzuia tairi kujifunga. Ukikaribia njia panda, punguza mwendo, vidole viwe tayari juu ya breki, na usiyaamini macho ya dereva. Anaweza kukutazama usoni na asikuone. Tazama tairi lake la mbele, maana gari haliwezi kuanza kuondoka kabla tairi hilo halijazunguka.

Karani wa Bima anajibu:

Kaka, pole kwa msiba. Nimefanya kazi ya kupitia madai ya bima kwa miaka tisa, na swali lako la leseni ndilo lililowaliza watu wengi niliowahudumia.

Leseni ya gari ni ya gari. Kwenye kibali cha kimataifa cha udereva, pikipiki zina daraja lake, herufi A, na gari dogo ni herufi B; kama muhuri umegongwa kwenye B peke yake, mbele ya sheria ya nchi nyingi na mbele ya mkataba wa bima unahesabiwa kuwa huna leseni ya pikipiki. Tena kibali hicho si leseni, bali ni tafsiri ya leseni yako ya kwenu, na bila leseni yenyewe mkononi hakina nguvu. Kuna kinachotolewa kwa Mkataba wa Geneva wa usafiri wa barabarani wa mwaka 1949, ambacho hudumu mwaka mmoja, na kuna kinachotolewa kwa Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabarani wa mwaka 1968, ambacho kinaweza kudumu hadi miaka mitatu, na si kila nchi inayotambua vyote viwili. Vietnam, kwa mfano, inatambua cha mwaka 1968, na wageni waliokuja na cha mwaka 1949 wameshtuka sana kusikia hivyo wakiwa tayari wamelala hospitalini.

Na kwa watu kama wewe, ambao si watalii, kuna shimo jingine ambalo wengi hawalioni. Kifungu cha 41 cha mkataba huo wa mwaka 1968 hakiilazimishi nchi kutambua leseni ya mtu aliyehamishia makazi yake humo baada ya kuipata. Kwa maneno mengine, siku unapohesabiwa kuwa mkazi, kile kibali cha safari kinaweza kukoma kukulinda, na nchi nyingi zimeweka muda ambao baada yake lazima uwe na leseni yao wenyewe. Wewe una miezi mitano. Nenda mamlaka ya usafiri ya huko kesho, wala usisubiri pikipiki.

Baada ya leseni, soma mkataba wako wa bima kipengele kwa kipengele, hasa ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Utakuta mara nyingi pikipiki imetajwa kwa jina: hailipwi kabisa, au hulipwa ikiwa injini haizidi ukubwa fulani, na mara nyingi ukubwa huo ni sentimita za ujazo 125, au hulipwa ikiwa ulivaa kofia ngumu na hukuwa na kilevi. Bima ya mwajiri nayo isikutulize moyo mpaka uone kwa maandishi kwamba inafunika pikipiki, ndani na nje ya saa za kazi. Simu ya afisa rasilimali watu si maandishi, omba barua.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku anajibu:

Msafiri77, hicho kimpira cheusi ulichokiona nimekiona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kofia isiyofungwa huruka kichwani kwenye mgongano wa kwanza, na kichwa hukutana na lami kwenye mgongano wa pili. Ndiyo maana Vietnam, iliyowalazimisha waendeshaji wote wa pikipiki kuvaa kofia ngumu kuanzia Desemba 15, 2007, humtoza faini hata aliyeivaa bila kufunga kamba ipasavyo.

Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalikadiria kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Elimu hii ina historia ya huzuni. Mwingereza T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi maarufu, alianguka na pikipiki Mei 13, 1935, akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli, akafa siku sita baadaye bila kupata fahamu. Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo aliyezaliwa Australia, alikuwa miongoni mwa madaktari waliomhudumia, naye mwaka 1941 alichapisha uchunguzi wake wa majeraha ya kichwa ya waendeshaji wa pikipiki na manufaa ya kofia.

Kinachokuokoa ni povu gumu lililo ndani, ambalo hupondeka ili ubongo usipondeke, na povu likishapondeka mara moja halirudi. Usivae kofia ya kukodi wala ya mtumba, kwa sababu hujui imeshaanguka na nani. Nunua inayofunika hadi kidevu, yenye alama ya ubora inayotambulika, kama ile herufi E ndani ya duara. Ifunge kamba, kisha uinamishe kichwa na umwombe mkeo aisukume kutoka kisogoni kuelekea mbele kwa mikono miwili. Ikitoka, si saizi yako.

Mama wa Wawili anajibu:

Mwanangu, umeuliza mkeo atabaki na nini. Mimi ni huyo mke. Mume wangu alifariki ugenini kwa pikipiki, miaka sita imepita. Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963 unaitaka nchi aliyofia mgeni kuujulisha ubalozi wake bila kuchelewa, na kwa upande wangu ubalozi ulinipigia siku hiyohiyo. Walinisaidia kupata cheti cha kifo, tafsiri yake na kibali cha kusafirisha mwili, lakini fedha hawakuwa nazo za kunipa. Bima ilikataa kwa sababu leseni yake ilikuwa ya gari. Nilihangaika wiki tatu kutafuta nauli ya mwili wa baba wa watoto wangu, huku wao wakiniuliza kila jioni kama amefika.

Sikuambii usipande. Nakuomba uweke karatasi zote mahali pamoja, mkeo ajue zilipo: namba ya mkataba wa bima, namba ya dharura ya bima yenyewe, nakala ya pasipoti, kundi lako la damu, na jina la mtu mmoja wa huko anayejua lugha ya huko. Mimi sikuwa na hata namba ya mkataba. Niliipata kwenye koti lake, siku ya arobaini.

Msafiri77 anajibu:

Mama, nimesoma ulichoandika pamoja na mke wangu, na tulikaa kimya kwa muda mrefu. Asante sana kwa kutueleza.

Leo nimetazama kibali changu: muhuri uko kwenye B peke yake, na ni cha mwaka 1949. Mkataba wa bima wa kazini unasema pikipiki hailipwi. Sikuwahi kuufungua. Akiba ya pikipiki imesimama. Nimezungumza na wenzangu wawili wanaotoka kazini saa ileile ninayotoka mimi, tutachangia teksi hadi mwisho wa mwezi ujao. Mwalimu, nikishaandikishwa kwa ajili ya leseni ya huku, ni saa ngapi za uwanjani unazoona zinatosha kabla ya kuingia barabarani?

Mwalimu wa Magurudumu anajibu:

Sipimi kwa saa, ndugu yangu. Kuna waliohitaji kumi, na kuna mmoja, mtu mwenye akili na subira, aliyehitaji zaidi ya thelathini. Mimi humwambia mwanafunzi tuzungumze habari nyingine kabisa wakati anaendesha uwanjani, kisha katikati ya mazungumzo napiga filimbi. Mara kumi mfululizo mkono ukienda kwenye breki ya mbele kabla ya mguu kukanyaga ya nyuma, bila tairi lolote kujifunga, namruhusu atoke nami barabarani, asubuhi ya siku ya mapumziko, mimi nikiwa nyuma yake. Mguu ukitangulia mara moja, tunaanza kuhesabu upya.