Eti barabara ni ZAWADI yake! MCA wetu (mwakilishi wa wadi) ametutukana mchana kweupe

Mlipaushuru: Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayefika matangani kabla ya marehemu kufa. Leo barazani mzee mmoja kauliza kwa adabu zote mbona barabara mpya haina mitaro. Mheshimiwa kamjibu mbele ya watu: "Mzee, zawadi haikaguliwi." ZAWADI! Ushuru wa soko tutoe sisi, leseni za biashara tulipe sisi, halafu tuambiwe zawadi!

MCA hana hata senti moja ya kujenga barabara. Kifungu cha 185 cha Katiba ya Kenya kimempa kutunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali ya kaunti. Pesa hulipwa na idara ya barabara baada ya mhandisi kupima kazi. Kukagua ndiyo kazi yake! Aliyeajiriwa kukagua anamwambia mzee wa watu haikaguliwi!

Na hiyo zawadi yenyewe tuipime. Kilomita moja, upana mita 5, changarawe sentimita 15 baada ya kushindiliwa: hizo ni mita za ujazo 750. Ikiwa bado imelegea inataka zaidi ya 900, yaani lori la mita 10 lije mara tisini na kitu. Kilichomwagwa pale hakijazi kaburi la kuku. Zawadi haikaguliwi! Mzee wa watu kakaa chini kimya.

Kalvati600: Changarawe hata ingetosha, bado. Greda ilipita, lakini bauza la maji hamkuliona wala rola. Changarawe kavu haishikani, magari huisukuma pembeni ikawa vumbi. Katikati ya barabara ya mita 5 panatakiwa kuwa juu ya kingo kwa sentimita 10 hadi 12 ili maji yateremke mtaroni. Hapo wamelaza kama meza. Mvua ya kwanza itaifanya mto.

Msemakweli wa Wadi: Mlipaushuru, unalia sana. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, makadirio ya bajeti Aprili 30. Vikao vya wananchi hufanyika kabla ya bajeti kupita, na viti huwa vitupu. Kelele zenu huanza greda ikishaondoka.

Mlipaushuru: Tangazo la kikao hubandikwa jana yake kwenye mlango wa ofisi iliyofungwa! Na hata kama hakuna aliyekwenda, ndiyo amwambie mzee zawadi haikaguliwi?

Kalvati600: Andikeni barua kuomba BQ, ile orodha ya kazi, vipimo na bei, pamoja na mkataba. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Tajeni jina la mradi na mwaka wa fedha, la sivyo watajibu kwamba hawajaelewa ombi. Na iulizwe kama mkandarasi ameshalipwa pesa ya dhamana inayozuiwa hadi kasoro zirekebishwe. Ikishatoka hiyo, hamtamwona tena.

Mama Wanne: Nyinyi mna barabara ya kulalamikia. Basari ya karo je? Fomu hujazwa muhula wa kwanza, hundi huingia shuleni mtoto akiwa ameshafukuzwa karo. Jina likikosewa herufi moja, au nambari ya usajili ikiwa ya shule ya zamani, pesa hukaa kwenye akaunti ya shule bila mwenyewe. Mzazi aende kwa bwana fedha wa shule aone orodha iliyokuja na hundi, asingoje kuitwa.

Msemakweli wa Wadi: Shule ya upili si jukumu la kaunti. Kaunti ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Muulizeni mbunge.

Mama Wanne: Mbona kwenye kampeni MCA alisema ni jukumu lake?

Soko Giza: Na mulika mwizi ya sokoni? Mlingoti umesimama, taa haziwaki, wauza mboga wanafunga jua likizama.

Kalvati600: Jirani zake wana umeme? Kama wanao, ni ama bili ya kaunti haijalipwa ama swichi ya jua, ile inayowasha taa giza likiingia, imeungua. Hiyo swichi ni kitu kidogo, fundi wa kaunti huibadilisha asubuhi moja. Peleka nambari ya mita kwa msimamizi wa wadi, si kwa MCA.

Soko Giza: Sanduku la mita limeng'olewa.

Mama Wanne: La kwetu pia! Nyaya zimekatwa hadi chini.